Mtani Aliyeshona Magodoro ya Gongoni

Sitaanza na kuzaliwa kwake. Sikujua alizaliwa wapi, na yeye mwenyewe alijibu swali hilo kila mwaka kwa namna nyingine. Alikuwa Mzaramo aliyekuja Tabora na kazi ya reli, akaacha reli, akabaki mtaa wa Gongoni akishona magodoro ya sufi. Mjini walimwita Fundi. Sisi Wanyamwezi tulimwita Mtani, na mimi nitamwita hivyo, kwa sababu kama asingekuwa mtani wangu, leo nisingekuwa na mke.

Yeye alishona magodoro, lakini watu waliokwenda kwake na godoro walikuwa wa aina mbili. Wapo waliokuwa na godoro lililochoka. Wapo waliokuwa na ndoa iliyochoka. Hawa wa pili walikuwa wengi kuliko wa kwanza, na ndiyo maana ukionekana mjini na godoro kichwani umeelekea Gongoni, watu walikusalimia kwa sauti ya msiba. "Poleni," walisema, na kabla hujafika kona ya pili habari imekwisha fika mtaa wa Ng'ambo. Namjua bibi harusi mmoja ambaye godoro lake lilichanika mshono wiki ileile ya harusi, bahati mbaya tu ya uzi mbovu. Mumewe hakujua desturi za mji, akalibeba mchana kweupe. Jioni mama mzazi wa yule binti alikuwa amefika kutoka Isikizya, anahema, anauliza nani amemkosea nani.

Kwa hiyo watu wenye magodoro mabovu na ndoa nzima waliwatuma jirani. Na jirani walikataa.

Nijitaje mimi kidogo, ili ijulikane ni mtu gani aliyepita Gongoni na godoro. Mimi ni mtoto wa Itetemia, nje kidogo ya mji. Baba yangu hakujua kusoma, wala baba yake. Nilikwenda shule kwa miguu, nikafaulu, nikafaulu tena, nikapelekwa Kampala, nikarudi na diploma ya ualimu wakati ambapo wenye diploma ya namna hiyo katika Jimbo lote la Magharibi ungeweza kuwaketisha kwenye meza moja ya chai na viti vingine vikabaki. Bwana Shauri, Mwingereza mkuu wa wilaya, alinisikia nikisoma risala siku ya kufungua shule akamwuliza karani wake kama nilikulia Uingereza. Sikurithi kitu. Nilichonacho nimekitafuta, na mtu wa namna hiyo haoni haya kujitaja.

Nilirudi pia kwa mke. Nilikuwa nimemwoa kabla ya kuondoka, akabaki Itetemia na mama yangu na binti yetu Kalunde kwa miaka yote ya masomo. Mama alifariki nikiwa mbali. Niliporudi nilimkuta mwanamke anayeamka kabla ya jogoo, ana shamba la mpunga bondeni na la karanga juu, anaamua mwenyewe lini kupanda na nani aitwe kwenye kuvuna. Mimi nilikuwa nimezoea meza, kitambaa cha meza, na chakula kwa saa yake. Hatukupigana. Hatukutukanana. Tulinyamaziana. Aliweka chakula, akafunika, akatoka. Nilikula, nikafunua kitabu. Binti yetu alikuwa akipita katikati yetu kupeleka maneno: baba anauliza, mama anasema.

Halafu nikaambiwa nahamishiwa Kaliua kuwa mwalimu mkuu wa shule mpya, kule njia ya reli ya Mpanda inapoachana na ya Kigoma. Ni cheo ambacho hata wenye umri kunizidi hawakukipata. Nilimwambia mke wangu siku ileile.

"Nenda," alisema. "Mimi nina shamba."

"Mke hukaa alipo mumewe."

"Nilikaa alipokuwa mama wa huyo mume. Sasa hayupo." Akaendelea kupepeta karanga. "Nimetuma neno Nzega. Kaka yangu atakuja baada ya mavuno. Akija kunichukua, nimekwenda, na mambo mengine watasemezana wazee."

Hiyo ndiyo hali tuliyokuwa nayo. Mavuno yalikuwa mbele yetu, na nyuma ya mavuno alikuwepo shemeji yangu.

Nilifanya kama mtu aliyesoma. Nilitafuta mtu wa kutusuluhisha. Nilikwenda kwa padre, maana mimi ni Mkatoliki, naye alikuwa mtu mwema, alitusomea maandiko na kutuombea. Lakini mke wangu alikulia kwa Wamoravian, akakaa kwenye benchi kama mtu anayesubiri treni ya watu wengine. Mchungaji wa kwao naye alitupokea vizuri, ila kila aliposema "mwanangu" alikuwa anamtazama yeye. Wazee wa kwetu walikaa kikao wakaamua kwamba mwanamke amekosa. Wazee wa kwao, nilijua, wangekaa kikao wakaamua kwamba mwanamume amekosa. Barazani, kwenye mahakama ya wenyeji, kungetoka hukumu, na sisi hatukuwa tumefikia hukumu.

Siku moja nilimwuliza mke wangu moja kwa moja, na ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nyingi kusema naye bila kumpitisha mtoto.

"Unamtaka nani? Taja wewe."

Alifikiri. "Asiwe ndugu yangu wala ndugu yako. Asiwe mtu atakayekuamkia 'Mwalimu' kabla sijafungua mdomo. Na awe mtu asiyeogopa Kiingereza chako."

"Tabora hii yuko nani wa hivyo?"

"Yuko Fundi magodoro."

Nilikataa. Nilisema kwamba mtu mwenye diploma hapiti Gongoni na godoro. Nikasema basi tumtume mtu alipeleke, sisi tutafuata kwa njia nyingine kama watu wanaokwenda dukani.

"Tunalilalia wawili," alisema, "tutalibeba wawili."

Tulilibeba wawili. Yeye mbele, mimi nyuma, mimi na suti yangu kwa sababu nilikuwa natoka shule. Njia nzima watu walisimama. "Poleni, Mwalimu," walisema. "Pole, Mama Kalunde." Mwenye duka mmoja alitoka mpaka barazani kutusindikiza kwa macho. Nilishika upande wangu wa godoro, nikanyoosha shingo, nikawaitikia wote.

Msomaji ambaye si wa huku huenda asielewe kwa nini mshona magodoro. Ni utani. Babu zetu waliposhuka pwani na misafara, mizigo kichwani, walipita nchi za watu wengi, wakagombana nao, wakapatana, na kila walipopatana waliacha utani. Wazaramo ni watani wetu tangu hapo. Mtani wako anaweza kukuita mwizi mbele ya mkwe wako. Anaweza kuchukua kuku wako mbele ya macho yako. Ndugu yako akisema neno moja kati ya hayo mtafikishana barazani, lakini mtani unamjibu tu, na ukikasirika wewe ndiye mkosaji na unatozwa kuku. Kila mtu Tabora alilijua hilo. Yule Mzaramo ndiye aliyeona kwamba jambo hilo linaweza kufanya kazi nyingine zaidi ya kuchekesha watu kwenye matanga.

Kazi yake aliifanya uani. Alilifumua godoro lote, akamwaga sufi kwenye jamvi, akakuketisha upande mmoja na mwenzako upande wa pili, lundo likiwa katikati. Kazi yenu ilikuwa kuchambua mbegu na kutenganisha mabonge, mikono yenu inakutana ndani ya sufi mpende msipende. Yeye aliketi kwenye kigoda akipima kitambaa. "Semeni," alikuwa akisema, "mikono yangu haina masikio." Godoro hakulirudisha mpaka aridhike na mazungumzo. Wote waliokuwa mikononi mwake walilala kwenye mkeka kwa muda huo, na nadhani wengine walipatana kwa sababu ya migongo.

Siku yetu ya kwanza alitukaribisha hivi:

"Karibuni, wapagazi. Mzigo wa kichwani mmeutua. Tueni na huo mwingine."

Nilimwambia jina langu na kazi yangu. Nilitaja na diploma, kwa kuwa ndiyo kawaida yangu na kwa kuwa ni kweli.

"Hapa walimu hawapo," alisema. "Yupo mpagazi na mke wa mpagazi. Babu yako alipeleka pembe pwani, akarudi na chumvi, watu wakapikia. Wewe umerudi na karatasi. Tumepikia nini?"

Nilijua sheria. "Babu yako," nikamjibu, "alikuwa amelala chini ya mnazi akingoja mpagazi ampitie amwombe chumvi hiyohiyo."

Akatikisa kichwa kwa furaha. "Ahaa. Mtu huyu yu hai. Tunaweza kufanya kazi."

Kisha akamgeukia mke wangu, na hapo ndipo nilipoanza kuona namna yake. Hakusema naye. Alisema nami juu yake.

"Mpagazi, nakusikitikia. Mkeo nimemwona sokoni. Mikono kama mpini wa jembe. Mwanamume wa suti na kitambaa cha meza, mwanamke huyu utamweka wapi? Ukimweka mezani kitambaa kitachafuka. Ukimpeleka Kaliua wake za makarani watadhani umekuja na mtumishi."

Mke wangu alikuwa ameinama, anachambua. Hakunitazama. Nilipaswa kucheka, maana ni utani na mtani akisema unacheka. Sikucheka.

"Mikono hiyo," nilisema, "ndiyo iliyomwosha mama yangu alipokuwa hawezi kugeuka kitandani. Mimi nilikuwa Kampala nasoma. Usiiseme."

Mikono yake ikasimama ndani ya sufi. Nilikuwa sijawahi kumwambia neno hilo. Nilidhani lilijulikana.

Mtani hakusifu wala hakulaumu. Aliuma uzi, akageukia upande wa pili. Sasa alisema na mke wangu juu yangu.

"Na wewe Mama Kalunde nakuonea huruma zaidi. Umekaa na kungoja, ukaletewa hiki. Mtu anajipenda mpaka kivuli chake kinamwonea wivu. Ukimwuliza saa anakujibu diploma. Karatasi ile mvua moja tu ikinyesha hana kitu, ni Mnyamwezi aliyevaa koti la joto bure."

Mke wangu alichambua. Mtani akangoja, akaongeza jingine, baya kuliko la kwanza, sitaliandika. Mke wangu bado alichambua. Wakati huo nilikuwa nimekwisha elewa kinachopimwa pale, kama mtu bado anaumia mwenzake akitukanwa, na nilielewa kwamba akicheka, au akinyamaza mpaka mwisho, shemeji yangu hatakuwa amefunga safari ya bure. Sijawahi kungoja matokeo ya mtihani kama nilivyongoja siku ile, nami nimefanya mitihani mingi na yote nilifaulu.

"Fundi," alisema hatimaye, bila kuinua kichwa, "karatasi hiyo usiichezee. Nimeilimia mimi. Kila msimu tukipalilia wanawake wenzangu waliniambia huyo harudi, ameoa Mganda. Niliwaambia atarudi na diploma. Nilijifundisha kulitamka neno lenyewe nikiwa shambani, mpaka likakaa mdomoni. Ukiicheka unanicheka mimi."

"Kumbe," alisema Mtani. "Sasa mbona mnanyamaziana kama watu mliogombea mpaka wa shamba?"

Ndipo tukasema. Mke wangu alisema kwamba siku ya sherehe yangu ya kurudi nilisimama mbele ya watu nikawashukuru walimu wangu, nikalishukuru kanisa, nikasema mengine yote nimeyafanya mwenyewe, na yeye alikuwa amesimama mlangoni na chungu cha pombe ya wageni. Mimi nilisema kwamba kule Kampala wenzangu walinicheka matamshi yangu mwaka mzima, nililala na njaa likizo kwa kuwa nauli haikuwepo, nikarudi nyumbani na hakuna mtu, hata yeye, aliyeniuliza swali moja kulikuwaje.

"Nilidhani nikikuuliza utanijibu kwa Kiingereza," alisema.

"Sasa muulize," alisema Mtani. "Na wewe mpagazi ukijibu kwa Kiingereza, nakuchoma na sindano hii ya magunia."

Aliuliza. Swali lake la kwanza lilikuwa kama kule kuna karanga. Nikamweleza juu ya karanga za Buganda, zinavyopondwa na kuwa mchuzi, na nadhani tulizungumza karanga mpaka mchana ukageuka. Tulirudi siku nyingine, na nyingine. Juu ya Kaliua tulibishana sana, maana yeye hakuwa mtu wa kukubali upesi na mimi pia si mtu wa kushindwa upesi. Tulikubaliana hivi: wakati wa masika yuko Itetemia na shamba lake, kiangazi anakuja Kaliua, na nyumbani kwetu hakuna kitu kinachopitishwa kwa mtoto. Mtani aliposikia hivyo akalijaza godoro, akalishona, akatuambia tuliondoe uani kwake linamzibia njia.

Shemeji yangu alikuja baada ya mavuno kama alivyoahidi, amevaa viatu vya safari, uso wa kesi. Dada yake alimpokea mzigo, akampa maji.

"Kaka, umefika wakati mzuri," alimwambia. "Tuna masanduku ya kupeleka stesheni. Mwalimu anahamia Kaliua na mimi nitakwenda kumpangia nyumba."

Alituchukulia masanduku mpaka stesheni. Hakupenda, lakini alichukua.

Baada ya hapo nilimpita Mtani kila nilipofika mjini, kwa miaka mingi, na nikamjua vizuri kuliko wengi waliomsifu. Hakuwa mtakatifu. Alikuwa mtu wa majivuno, na nasema hivyo kwa heshima, kwa sababu nami najua majivuno ni kazi. Alikuwa akiwataja watu aliowapatanisha kama mwindaji anavyotaja nyati. Waliomshinda alisema hawakuwa na sufi nzuri.

Hakumpokea kila mtu. Karani mmoja Mhaya alikuja na mkewe Mhaya, wamevaa vizuri, godoro zuri. Aliwakalisha, akawapa maji, akawaambia, "Ninyi sina utani nanyi. Nikimwita mkeo mchafu, ni tusi tupu, na mimi si mtu wa kutukana wageni. Nendeni kwa padre, Mungu wake ni wa wote." Mwanamume mmoja alikuja peke yake na godoro lenye damu iliyokauka, akaanza kueleza ukaidi wa mke. Mtani hakumwacha amalize. Alilikunja lile godoro, akamtwika, akamgeuza uso barabarani. "Barazani ni kule," alisema, kwa sauti ambayo soko zima lilisikia. "Peleka huko, na kama hutafika nitakwenda mimi kusema nilichokiona." Alikwenda kweli, siku ileile, na yule mwanamume aliitwa.

Na wapo waliokaa uani kwake, wakachambua sufi yote, wakaachana. Nilimwuliza kama hilo halimwumi. "Hao nao nimewapatanisha," alisema. "Wamepatana kuachana. Ulitaka wagombane na bado wanaishi pamoja?" Kisha alifikiri kidogo akaongeza kwamba mmoja wao hakulipa uzi.

Yeye aliyewatukana watu siku nzima hakuweza kutaniwa juu ya jambo moja, nalo ni mapishi yake. Alijiona mpishi. Mama mmoja wa Kinyamwezi alimwambia kwenye matanga kwamba pilau yake inafaa kujazia magodoro. Alinuna. Watu walimwona amenuna, wakamtoza kuku kwa sheria yake mwenyewe. Alilipa, lakini alileta jogoo mzee ambaye alichemshwa tangu asubuhi na jioni akarudishwa jikoni.

Jambo jingine lilikuwa mkewe. Alikuwa Mzaramo mwenzake, mwanamke mwembamba wa sauti ndogo. Yeye ndiye aliyeleta chai uani, akaiweka karibu na sufi, akarudi ndani. Kwa miaka yote niliyokwenda pale, Mtani aliwasikiliza wake za watu wa mji mzima, na sijapata kumsikia akimwuliza yule wake neno zaidi ya "sukari iko wapi". Mke wangu aliliona hilo kabla yangu. Alikuwa akiingia ndani kumsaidia vikombe, na walikaa huko muda mrefu kuliko vikombe vinavyohitaji. Nilipomwuliza wanazungumza nini, alisema, "Pwani."

Mara ya mwisho nitakayoisimulia ni ya miaka ile ya mwisho ya Mwingereza. Nilikuwa nimepanda tena cheo, mkaguzi wa shule, nimerudi Tabora na nyumba ya bati Itetemia karibu na shamba la mke wangu. Asubuhi moja Mtani alikuja. Hakuja na utani. Alikuja na kanzu safi, na mkewe nyuma yake, na nyuma ya mkewe hapakuwa na godoro wala kitu.

Mke wangu aliwaamkia, "Shikamooni."

"Marahaba," alisema Mtani, na hakuongeza kitu, na kwa mtu yule hilo lilikuwa jambo la kutisha. Aliketi. "Anataka kurudi kwao," alisema. "Mimi sitaki arudi. Nimezunguka mji. Shehe ni rafiki yangu mno, atasema ninachopenda. Wazaramo wa hapa wote ni wajomba zake. Padre si wangu. Jana nikakumbuka kwamba mimi pia nina watani." Akatutazama. "Nitukaneni."

Nilikohoa, nikaanza. Sikuwa na kipaji hicho. Nilisema amezeeka, nikasema sindano yake ina kutu, na hata mimi niliona ni maneno ya kwenye risala. Mke wangu aliniwekea mkono gotini, akaendelea yeye.

Alimtukana vizuri. Alimwambia mkewe mbele yake: dada yangu, nakusikitikia, umeolewa na mtu mwenye masikio ya kuazima, anayaazima kwa kila mwenye godoro na jioni hana ya kurudi nayo nyumbani. Umempikia chai Tabora nzima. Mzee mwenyewe anadhani sukari inaota kwenye kopo. Akaendelea hivyo, kwa sauti ya upole, bila haraka.

Yule mama alianza kutabasamu. Kisha alicheka. Alicheka kwa sauti ambayo sikujua anayo, akaegemea ukuta, akafuta machozi kwa upindo wa khanga, na mke wangu aliponyamaza alisema, "Endelea, Mama Kalunde," akacheka tena. Hapakuwa na chuki katika kicheko kile. Alicheka kama mtu anayesikiliza habari za jirani.

Mtani hakumtazama mkewe. Alikuwa anatazama mikono yake mwenyewe. Hakuna mtu Tabora aliyejua kama yeye maana ya kicheko kile, na hakuna aliyehitaji kumfafanulia.

"Basi," alisema. "Nimesikia."

"Sina ugomvi na wewe," alisema mkewe. "Nimechoka tu, baba. Nataka kusikia Kizaramo."

"Nimesikia," alisema tena.

Wiki ileile tulimsindikiza stesheni, sisi watatu. Mtani alimbebea sanduku mwenyewe, akakataa msaada wangu, akamtafutia nafasi ya dirishani upande usiopigwa jua. Alimwuliza kama ana maji. Alimwuliza kama anajua nani atampokea. Alimwuliza kama goti linamwuma bado. Yule mama alijibu yote, akashangaa kidogo, na behewa likaanza kusogea akiwa katikati ya jibu la goti.

Tulibaki pale mpaka behewa la nyuma likapotea. Abiria na wachukuzi waliondoka. Mtani alikuwa amesimama na mikono imening'inia.

"Nitukane, mpagazi," aliniambia.

Nina Kinyamwezi, Kiswahili, Kiingereza cha diploma, na Kiganda cha kununulia ndizi. Nilitafuta tusi katika zote, sikupata.

Mke wangu ndiye aliyemshika mkono. "Wewe Mzaramo mvivu," alimwambia, "hata kulia umemwachia treni."

Alicheka kidogo, kwa pua. Kisha akalia, amesimama vilevile, na sisi tukangoja pale mpaka akamaliza.